Sura ya Saba: Kishingo, Kidimu, Bukini

Mchuuzi anayeingia Ngorongo kutafuta kuku wa kupeleka mjini hutazama mambo matatu: uzito, miguu na rangi. Uzito huupima kwa mkono, kuku akiwa ameshikwa mbawa. Miguu humwambia umri, kwa magamba na kucha. Rangi humwambia kwamba kuku ni wa kienyeji kweli, au ndivyo anavyoamini. Mwekundu mwenye mkia mweusi, wa madoadoa ya kanga, wa kahawia ya udongo: hao ndio wateja wa Dar es Salaam huwalipia zaidi ya kuku mweupe wa banda. Katika vipimo hivyo vitatu, cha rangi ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Na wanawake wa bonde la Rufiji, ambao ndio hasa wenye kuku hao, wana majina yanayosema ukweli zaidi kuliko jicho la mchuuzi.

Ngorongo ni kata ya wilaya ya Rufiji, mkoa wa Pwani, katika bonde ambalo mto hulifurika na kulirutubisha. Watu hulima mpunga, na maji yakishuka hulima mlau, yaani mazao ya haraka kwenye udongo uliobaki na unyevu. Msimu wa kulinda mpunga ukifika, familia huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kuku nao huhamishwa. Kuku wa maisha hayo hapewi chakula cha kununua. Hupata pumba, makombo na mchwa, hulala mtini au chini ya dungu, na mwewe, kicheche na ugonjwa wa kideri humwandama tangu siku anayoanguliwa. Anayefikia kutaga amefaulu mtihani ambao hakuna kituo cha utafiti kilichowahi kuutunga.

Katika kundi la namna hiyo huoni kuku wawili waliofanana. Ila wapo wachache ambao mwenyewe hawaiti kwa rangi. Yule asiye na manyoya shingoni ni kishingo. Yule ambaye manyoya yake yamepinda kurudi nyuma, kana kwamba upepo unampiga kisogoni saa zote, ni kidimu. Yule asiye na mkia ni bukini, jina ambalo watu wa pwani waliipa pia Madagaska. Kishungi ana taji la manyoya utosini. Kuchi ni mrefu, wa kifua kilichosimama, mwenye kilemba kidogo na manyoya machache, na sifa yake kubwa tangu zamani ni kupigana.

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na kwetu aliletwa na binadamu. Pwani ya Afrika Mashariki mifupa yake inatambulika katika makazi ya kale, Unguja Ukuu pakiwa mojawapo, tangu karne ya 7 na ya 8. Baada ya hapo kila jahazi lililotia nanga liliweza kuteremsha tenga jipya la kuku kutoka Uhindi, Uarabuni au visiwa vya mbali. Kwa hiyo anayetafuta kuku wa kienyeji “safi”, asiyechanganyika, anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Jambo la kuuliza ni jingine: ni mchanganyiko gani uliodumu hapa, na umedumu kwa sababu gani?

Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866 na dunia ikayasahau hadi mwaka 1900. Miaka miwili baadaye William Bateson, mwanasayansi wa Cambridge, alitangaza kwamba kanuni zilezile zinafanya kazi kwa wanyama, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa kuku. Alichagua kuku kwa sababu ambayo mfugaji yeyote wa Rufiji angeielewa: tofauti zao zinaonekana wazi, ni za ndiyo au hapana, na matokeo huja ndani ya siku 21. Kilemba kipo cha aina hii au ile. Shingo ina manyoya au haina.

Hapo ndipo ubora wa majina ya kijijini unapojitokeza. Kishingo ni jina la jeni moja. Kidimu ni jeni moja. Bukini, kwa kawaida, ni jeni moja. Bila darubini wala maabara, watu waligawa kuku wao mahali palepale ambapo maumbile yenyewe yamegawa.

Tuanze na kishingo, maana huyo ndiye mwenye faida kubwa kwa joto la bonde. Kila kuku hubeba nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja tu ya kishingo inatosha kuvua shingo manyoya, lakini nakala mbili huivua zaidi, na tofauti hiyo unaweza kuisoma kwa macho. Mtazame kuku upande wa mbele wa shingo, juu kidogo ya gole. Akiwa na kishada cha manyoya hapo, ana nakala moja. Kama pana ngozi nyekundu tupu, au vinyoya viwili vitatu tu, ana nakala mbili. Mwenye nakala moja amepungukiwa manyoya robo hivi ya mwili mzima, na mwenye mbili hufika asilimia 40, kwa kuwa jeni haiishii shingoni: hupunguza manyoya kifuani na mapajani pia. Ngozi iliyo wazi hutoa joto. Katika nchi za joto kishingo hula na kukua vizuri wakati wenzake wamekaa kivulini midomo wazi.

Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walieleza jinsi inavyokuwa. Mabadiliko katika vinasaba humfanya kishingo azalishe kwa wingi protini inayozuia manyoya kuota. Protini hiyo imeenea mwilini, ila ngozi ya shingo huitikia kwa nguvu zaidi kwa sababu ina kemikali inayotokana na vitamini A. Ndiyo maana shingo hubaki tupu na mgongo haubaki.

Sasa hesabu za mfugaji. Kishingo mwenye kishada akipandana na kuku wa kawaida, nusu ya vifaranga watakuwa vishingo, wote wenye kishada. Wawili wenye kishada wakipandana, robo watakuwa shingo tupu kabisa, nusu watakuwa na kishada, na robo watazaliwa na manyoya kamili kama kwamba kishingo hakuwahi kuwamo katika ukoo. Hao wa robo ya mwisho hawaifichi jeni. Hawana. Ukichinja vishingo wote kwa sababu mgeni hapendi sura yao, ukabakiza ndugu zao wenye manyoya, jeni imekwisha uani kwako.

Kidimu ana hesabu hiyohiyo lakini onyo tofauti. Nakala moja hupinda manyoya. Nakala mbili huyafanya yawe makavu, ya kukatika, na kuku akabaki karibu uchi, akitetemeka masika na kuungua kiangazi. Chanzo chake ni kasoro katika keratini, ile protini inayojenga nyoya. Anayependa kidimu asipandishe kidimu kwa kidimu. Ampe mwenza wa manyoya ya kawaida, na nusu ya vifaranga watatoka vidimu wazuri. Bukini naye ana taabu zake. Hana pingili za mwisho za uti wa mgongo, na mara nyingi hana ile tezi ya mafuta ambayo kuku huigusa kwa mdomo ili kupaka manyoya yasilowe. Kwenye bonde la mafuriko hilo si jambo dogo, na sishangai kwamba bukini ni wachache.

Rangi ni fujo. Wekundu, weusi, weupe na madoadoa hutokana na jeni nyingi zinazofunikana, na ufunikaji huo ndio unaomponza mchuuzi. Mfano rahisi ni kijivu. Kuku wa kijivu ana nakala moja ya jeni inayochujua weusi. Tetea wa kijivu akikutana na jogoo wa kijivu, robo ya vifaranga huwa weusi, nusu kijivu, na robo weupe wachafu wenye madoa. Rangi ya kijivu haiwezi kutulia katika ukoo hata ukichagua miaka 20. Nimesikia tetea akishutumiwa kwa jambo hili, eti alitoroka kwa jogoo wa jirani. Hakutoroka. Vifaranga weusi na weupe ni wa jogoo wake mwenyewe.

Mfano mwingine ni wa jinsia. Kwa ndege jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, na tetea ana moja tu ya aina hiyo. Jeni ya mistari myeusi na myeupe imekaa hapo. Jogoo mweusi akimpanda tetea wa mistari, watoto wa kiume wote hupata mistari ya mama na wa kike wote huwa weusi. Siku ya kuanguliwa tu, kifaranga dume ana doa jeupe utosini na jike hana. Viwanda vya vifaranga vimetajirika kwa kanuni za namna hii, kwa kuwa vinawatenganisha majike na madume bila kumtazama kifaranga kwa nyuma.

Bata mzinga ndiye ndege ambaye majina yake ya rangi yamesomwa kwa makini kuliko ya wengi, kwa hiyo inafaa tuvuke bahari kidogo. Vijijini kwetu hawaenei, na sababu kubwa ni ugonjwa. Minyoo ya utumbo wa kuku hubeba kimelea kinachoshambulia ini la bata mzinga. Kuku hakimsumbui sana, bata mzinga humuua. Ukiwachanganya uani, unazika bata. Wanaofanikiwa ni wafugaji wa mjini wenye nafasi ya kuwatenga, na kwao utaona weusi, wa shaba, weupe na kijivu, wote wakiitwa bata mzinga basi.

Marekani, kwao kwa ndege huyu, chama cha wafugaji wa kuku na jamii yao kilichapisha kitabu cha viwango mwaka 1874 na kutambua aina tano za bata mzinga: Bronze, Narragansett, White Holland, Black na Slate. Bourbon Red iliongezwa mwaka 1909, ikiwa na jina la wilaya ya Bourbon huko Kentucky. Narragansett ni jina la ghuba ya Rhode Island. Ukisikia majina hayo utadhani ni koo mbalimbali zenye miili tofauti, kumbe kinachozitofautisha hasa ni jeni chache za rangi. Wa shaba ndiye wa msingi, kama babu yake wa porini. Mwongezee nakala mbili za jeni nyekundu inayojificha, anakuwa Bourbon Red. Mpe jeni ya Narragansett, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia, na kahawia ya shaba inageuka kijivu cha chuma: dume wa Narragansett kwa jike wa shaba hutoa binti wote Narragansett na wana wote wa shaba. Weupe wa bata mzinga hujificha, kwa hiyo wazazi wawili wa shaba wanaweza kuzaa mweupe. Weupe wa kuku wa Leghorn hutawala, kwa hiyo damu kidogo tu ya Leghorn hupaka chokaa ukoo mzima. Rangi moja, ndege wawili, kanuni zinazopingana.

Nawataja kwa sababu ya kilichowapata. Karne ya 20 soko la Marekani lilihamia kwa bata mzinga mweupe wa kifua kipana, ndege mzito kiasi kwamba hawezi kupanda jike wake na lazima wapandikizwe mbegu kwa mkono. Mwaka 1997 shirika la kuhifadhi mifugo adimu lilihesabu bata wa kuzalisha wa aina zote za zamani nchini humo, likapata 1,335. Katika miaka 10 iliyofuata idadi iliongezeka mara kadhaa, na kilichowaokoa ni sahani: wapishi na familia walianza kuwaagiza kwa ajili ya sikukuu na kulipa bei yake. Mfugaji huhifadhi anachoweza kukiuza.

Turudi Rufiji. Barabara ya Kilwa na daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, vimeliweka bonde karibu na soko la Dar es Salaam, na gari linalochukua kuku hurudi na vifaranga. Wa kwanza kuenea ni yule mweusi ambaye Watanzania humwita “Malawi”, asili yake Australorp wa Australia. Weusi wake unatawala. Jogoo mmoja wa Malawi akipanda kundi la kijiji, vifaranga karibu wote hutoka weusi, labda majogoo wakibakiwa na manyoya machache ya dhahabu shingoni, na mwenyewe huamini kwamba kuku wake wa zamani wamekwisha. Hawajaisha. Wekundu na madoadoa wako chini ya weusi, na vifaranga hao wakikua na kupandana, sehemu ya wajukuu watarudi na rangi za bibi.

Kwa Kuroiler kutoka India na Sasso wa Ufaransa mambo ni kinyume. Hao walijaribiwa vijijini Tanzania chini ya mradi ulioanza mwaka 2014 ukiongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ukihusisha pia Ethiopia na Nigeria. Waliozalisha kuku hao walijua kwamba mteja wa kijijini hapendi kuku mweupe, anayeonekana na mwewe kutoka mbali na anayefanana na wa banda. Wakawatoa wakiwa na rangi: wekundu, kahawia, madoadoa. Ndiyo rangi zilezile ambazo mchuuzi wetu huzitumia kumtambua wa kienyeji. Hata shingo tupu haitoshi tena kuwa cheti cha asili, kwa sababu Wafaransa wamewafuga vishingo kibiashara kwa miaka mingi na Sasso wanazo koo zao za kishingo.

Sina ugomvi na kuku hao. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na Kuroiler humpita zaidi ya mara mbili. Mama anayelipa ada ya shule kwa mayai hahitaji mahubiri yangu. Lakini Kuroiler haatamii vizuri. Anayetaka kizazi kingine lazima arudi kwa muuza vifaranga na fedha mkononi, au amwekee tetea wa kienyeji mayai. Kuatamia, kulinda vifaranga, kujua kivuli cha mwewe, kustahimili wiki ya njaa: hakuna hata moja lenye rangi. Urithi wenye thamani kubwa katika kuku wa Ngorongo hauonekani kwa macho, na hilo ndilo kosa la kuupima kwa manyoya.

Watafiti nao walijaribu kutoa majina. Msoffe, Minga na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walieleza makundi ya Kuchi, Singamagazi, Mbeya, Morogoro wa umbo la kati na Ching'wekwe. Vijitabu vya ufugaji vimeyaeneza: jogoo wa Kuchi wa kilo 2.5 hivi, wa Ching'wekwe 1.6. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa kabla yake serikali ilikuwa na jina moja tu la kuku milioni nyingi. Hata hivyo majina ya mahali yana udhaifu. Kuku wa Mbeya akipanda basi hadi Kibiti na kuzaa huko, vifaranga ni wa wapi? Jina la mahali halikuambii atarithisha nini. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Sokoine na Ujerumani, kwa makundi matano yakiwamo ya Pemba na Unguja, vilimwonyesha Kuchi kuwa ndiye aliyejitenga waziwazi na wenzake. Yaani jina ambalo watu wa pwani walikuwa nalo kabla ya maabara ndilo lililoshika vizuri zaidi.

Hatari yenyewe haitoki kwa Malawi wala Sasso peke yao. Inatoka kwa uchache. Kama kijiji kina vidimu watatu, wote kwa mama mmoja, jeni nzima imekaa katika miili mitatu. Aprili 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji ya namna hiyo huondoka na kuku wa kawaida, na wale waliobaki mlimani huwarudisha. Huondoka pia na kidimu, na huyo hana wa kumrudisha. Kideri hufanya kazi hiyohiyo bila mvua: kikiingia katika kijiji kisichochanjwa huweza kuua karibu kundi zima ndani ya siku chache, na kinarudi mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo siamini sana katika mashamba ya maonyesho ya kuku adimu. Naamini katika chanjo ya kideri. Ile ya I-2, iliyoanzia kwa watafiti wa Australia na inayotengenezwa Kibaha, mkoa huuhuu wa Pwani, kwa jina la TEMEVAC, inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kuku hupewa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Inafaa kijiji kizima kichanje siku moja, kuku wakiwa wazima, maana kumchanja aliyekwisha kuugua hakusaidii. Baada ya hapo ndipo mambo ya kupandisha yana maana: kubadilishana majogoo na jirani wa mbali ili ndugu wasipandane, kuwagawa vidimu na vishingo katika kaya kadhaa badala ya moja, na kumfahamu kwa jina kuku anayeatamia vizuri hata kama rangi yake haivutii.

Wewe uliye na kishingo, kidimu au bukini uani, mpe tone hilo mwezi huu. Na mchuuzi akikutajia bei nzuri ya jogoo wako wa pekee, mwambie arudi baada ya vifaranga wake kuota manyoya.